Manju Yenye Harufu ya Udi

Tangu nirudi Tanga sijakaa barazani kwangu nikanywa kikombe cha chai mpaka kikaisha. Kila anayepita anavua viatu, anakaa mkekani, anasema, "Bi Mwanaidi, hebu tupe ya Amerika." Nikifika katikati anaingia mwingine, naanza upya kwa ajili yake, na yule wa kwanza ananisahihisha kwamba jana sikusema hivyo. Basi nimeandika. Daftari hili nimeliweka kwa Bi Tatu muuza vitumbua. Anayetaka alichukue, asome, ampe mwenzake, na asilifungie vitumbua. Na yule anayetangaza mtaani kwamba nilikamatwa na polisi, nataka ajue hawakuwa polisi. Walikuwa zimamoto.

Habari za pasipoti na tiketi siziandiki. Waliosafiri wanazijua, na wasiosafiri hazitawashibisha.

Tanga mpaka Dar es Salaam

Telegramu ya mkwe wangu Seif ilikuwa na maneno machache tu: "Salma kajifungua mtoto wa kike. Hataki kula. Njoo mama."

Hataki kula! Salma wangu, aliyekuwa akikwangua ukoko utotoni mpaka majirani wakadhani ninasugua sufuria. Sikulala. Nilifungasha pilipili manga, tangawizi, hiliki, kopo la samli, na pweza mkavu watatu wa kupikia supu, maana mzazi asipokunywa supu ya pweza maziwa yatatoka wapi? Nikaongeza udi na chetezo changu cha kuuchomea, vimeviringishwa kwenye kanga. Mwaka ule sukari ilikuwa ya foleni, lakini udi namshukuru Mungu nilikuwa nao wa kutosha.

Basi liliharibika Chalinze. Dereva akasema ni dakika kumi. Nilikaa kando ya barabara saa nne na mzigo wangu, na paka wote wa Chalinze wakaja kukaa nami kwa sababu ya wale pweza. Mama mmoja muuza mayai alinionea huruma, akanipa mayai mawili na chumvi kwenye karatasi. Nilipomwambia naenda Amerika kumlisha mwanangu, aliniuliza, "Kwani huko hakuna chakula?" Nikamwambia kipo, lakini hakina mpishi. Nilijiona nimesema la maana sana.

Dar es Salaam mpaka Washington

Ulaya theluji ilizuia ndege, tukangoja uwanjani saa tisa. Jengo lile lilikuwa na joto la tanuri, na pweza wangu wakaanza kujitambulisha. Bwana aliyekaa kulia kwangu akahamia kiti cha pili. Mkewe akamfuata. Kisha watu wa mbele wakaondoka, na wa nyuma, mpaka nikabaki na safu nzima peke yangu, nikajinyoosha nikalala usingizi mzuri kuliko wote wa safari ile. Wao walikimbia viti, mimi nikapata kitanda.

Washington mtu wa forodha alifungua mzigo, akamtoa pweza mmoja kwa vidole viwili, akamtazama, akamrudisha. Akautoa udi. Akaunusa. Akamwita mwenzake, naye akaunusa, naye akamwita mbwa. Mbwa aliunusa udi, akapiga chafya, akaja kulala juu ya miguu yangu. Wakazungumza sana. Mwisho wake waliniachia udi, wakachukua pweza wote watatu. Niliwaambia kwa Kiswahili safi kwamba ile ni supu ya mzazi. Walitabasamu, wakaniambia neno la upole, wakaenda na supu ya mzazi.

Alexandria

Alexandria hii si ile ya Misri, ni mji ulio ubavuni mwa Washington. Seif anakaa ghorofa ya nne, katika jengo refu ambalo nusu ya wakazi wake wanatoka kwingine kama sisi. Yeye anafanya kazi hotelini, anatoka alfajiri, anarudi magharibi. Alinipokea kwa machozi, na mimi nikadhani ni ya furaha.

Salma alikuwa amelala akiuangalia ukuta. Alinibusu mkono, akaniambia, "Umefika, mama," akaugeukia ukuta wake tena. Mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza. Mtoto alinyonya kidogo, akaachia, akalia, maana kile alichokitafuta hakikuwepo. Niliogopa. Nawaambia kweli, niliogopa kuliko ndani ya ndege.

Nikaingia jikoni. Wiki mbili sikutoka. Nilipika uji wa pilipili manga, mchuzi wa kuku, wali wa nazi ya kopo, ndizi za samaki. Nilimkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Kila chakula nilikipeleka mwenyewe, nikasimama juu ya kichwa chake na bakuli mkono mmoja na kijiko mkono mwingine, nikisema, "Fungua kinywa, mwanangu." Alikula vijiko viwili kwa heshima yangu, cha tatu akakataa. Kisha mimi nilirudi jikoni kula kilichobaki, nimesimama, kama tunavyofanya sote tunapouguza.

Siku moja nilimbembeleza: "Niambie basi unachotamani. Hata kikiwa mwezini nitakileta."

Akafikiri. "Manju," akasema. "Manju ya Keiko."

Keiko ni nani? Seif ndiye aliyenieleza. Mwanamke wa Kijapani, aliyekuwa jirani wa mlango wa mbele. Walijuana na Salma kwenye chumba cha kufulia nguo. Yeye Kiingereza chake ni cha kubahatisha, Salma anacho cha kuombea maji, lakini kila Alhamisi alikuja na manju: mikate myeupe, laini, isiyochomwa wala kukaangwa, inapikwa kwa mvuke, ndani imejazwa maharage ya sukari. Mingine ilikuwa na nyama. Miezi miwili kabla ya mtoto kuzaliwa, Keiko na mumewe wakahama ghafla, hata kuaga hakuaga.

Sikufurahi, siwafichi. Nimevuka dunia na chetezo mgongoni, nimenyang'anywa pweza, na mwanangu anatamani mkate wa maharage wa mwanamke mwingine! Nilisema tu, "Haya," na sahani nikaziosha kwa kishindo.

Sasa, juu ya friji palikuwa na chombo. Duara, cha mianzi, chenye mfuniko uliofumwa, na kitako chake ni fito nyembamba zenye nafasi katikati. Niulizeni wenyewe, nyinyi wanawake wa Tanga: chombo cha fito chenye kupitisha moshi ni cha nini? Cha kufukizia nguo. Hata mtoto anajua. Nikafurahi kwamba angalau mwanangu ameweka kifukizio nyumbani. Nikawasha makaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikakiweka kile chombo juu, nikapanga humo kofia na nguo za mtoto na kanga za mama yake. Moshi ukapanda vizuri. Nikaanza na kuimba.

King'ora kilicholia darini sijawahi kusikia mfano wake. Kikaitikiwa na cha nje, na cha ghorofa ya juu, na cha chini. Milango ikafunguka. Nilimfunga Salma blanketi, nikambeba mtoto, tukashuka ngazi pamoja na jengo zima: Wasomali, Wavietinamu, bibi mmoja wa Kimarekani na kasuku wake. Tukasimama kwenye baridi kali. Magari mawili mekundu yakaja, wakashuka wanaume wenye kofia za chuma na mashoka, wakapanda mbio.

Walishuka taratibu. Mkubwa wao alikuwa amekishika chetezo changu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kitabu cha maulidi. Aliniuliza jambo, nikamjibu, "Ni udi, baba." Akanirudishia. Alinukia vizuri sana na nadhani alilijua hilo.

Watu wote walicheka isipokuwa Salma. Tulipopanda juu alikitazama kile chombo, akakishika, akasema polepole, "Mama, hiki si cha nguo. Hiki ndicho cha manju. Ni cha Keiko. Nilikuwa nakitunza ili arudi kukichukua." Akaenda kulala. Siku ile hakula hata vile vijiko viwili, na mtoto tulimpa maziwa ya kopo.

Nilikaa jikoni nikalia. Ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa Papa Ilunga, Mzaire wa Lubumbashi, mtu mnene mwenye teksi, anayekaa ghorofa ya pili. Seif aliporudi kazini alikuwa amemweleza ngazini habari ya manju.

"Mama," akasema, "mie niko na miezi mitatu sijakula hiyo manju. Mule ndani kuko nyama, mama, na soupe yake inatoka pole pole. Iko kitu ya ajabu."

"Wewe nawe ulikuwa unaletewa?"

Akatazama viatu vyake. "Nilikuwa napata kidogo. Adresse yao mpya, gardien, mulinzi wa hapa, alinipa. Iko Germantown. Kesho nitakupeleka. Taxi iko yangu, essence ya kutia mu taxi iko yangu. Hakuna probleme."

Alexandria mpaka Germantown

Tulitoka asubuhi, mimi nimekipakata kile chombo kama mwali. Seif alikuwa ameomba ruhusa abaki na mkewe.

Papa Ilunga ni dereva hodari wa mjini. Nje ya mji ni mtu wa imani. Kuna barabara kuu inayouzunguka mji wote kama mshipi, na yeye aliipita njia ya kutokea kwa sababu alikuwa akinieleza jinsi nyama ile inavyokatwakatwa. Nikamwambia arudi nyuma. Akasema, "Mama, autoroute hairudi nyuma. Iko duara. Tukiendelea tutafika pale pale." Tukaendelea. Tulivuka mto, tukavuka mto mwingine, likatokea jumba jeupe lenye minara ya dhahabu juu ya miti. Nikasoma shahada nikidhani ndiyo mwisho wangu. "Hapana, mama, iko kanisa," akasema. Mara ya pili tulipoliona nilisema tu, "Lile kanisa." Mara ya pili, jamani. Alipitwa na njia tena kwa sababu alikuwa akinieleza kachumbari anayokula nayo.

Germantown nyumba zote ni pacha. Zimeshikana, zina rangi moja, mlango mmoja, hata ua la mlangoni ni lile lile. Tuligonga tatu tukafukuzwa na mbwa wa tatu. Ya nne alifungua mama wa Kikenya mwenye kanga kiunoni, na mimi nikamkumbatia kabla sijamsalimia.

"Shikamoo, mama! Wewe ni wa wapi? Tanga? Ai, ingieni, msisimame kwa baridi."

Alitukalisha, akatupa chai ya maziwa, na mbele yetu akaweka sahani ya vitafunio nisivyowahi kuviona. Vijiti vyepesi vyenye ladha ya kamba wa baharini. Biskuti za mchele zilizovishwa mwani, ule ule tunaoukanyaga ufukweni tukiona kinyaa. Na vipande vya ngisi mkavu, vitamu, vya kutafuna. Nawaambieni, nilipokitafuna kipande cha kwanza niliona ng'onda, samaki mkavu wa kwetu, amevaa suti. Nilikula mpaka haya zikanishika, kisha zikaniachia, nikaendelea.

"Vitu vizuri sana hivi, mwanangu. Umevinunua wapi?"

"Si zangu," akasema bila wasiwasi. "Ni za huyo Mjapani mwenye alikuwa anaishi hapa mbele yetu. Mamake huwa ana-send parcel, na hii ilikuja bado na address ya hapa. Watoi wangu walifungua wakidhani ni ya Christmas. Sasa nikaona, mgeni akija nitampea nini?"

Nikalitema lile tonge mkononi. Tulikuwa tumekula amana ya mtu tuliyekuja kumwomba msaada! Papa Ilunga akameza lake haraka kabla swali halijamfikia.

"Huyo dada alihama?" nikauliza.

"Kitambo. Hapa walikaa mwezi moja tu. Bwanake anafanya kazi huko Greenbelt, kwa hiyo place ya mambo ya anga, na traffic ikamshinda. Wako Greenbelt sasa. Na yeye ame-open kitu kama kiosk ndani ya duka ya Mhindi, kwa petrol station." Akatuletea lile boksi, likiwa nusu. "Mmpelekee, na mumwambie pole."

Germantown mpaka Greenbelt

Kipande hiki sina la kuandika. Niliketi na chombo magotini na boksi chini ya miguu, na sikugusa kitu. Papa Ilunga aliniomba kijiti kimoja tu cha kamba. Nikamwambia, "Mkono wako ukifika hapa utarudi umepungua kidole." Safari hii hakupitwa na njia hata moja. Njaa ni dereva mzuri.

Greenbelt

Duka lenyewe ni la vitu vya haraka: soda, magazeti, sigara, mafuta ya injini, yote chumba kimoja. Kwenye kaunta, karibu na mashine ya kahawa, palikuwa na kabati dogo la kioo lenye mvuke ndani, na ndani yake mikate myeupe imekaa imetulia. Nyuma yake alisimama mwanamke mdogo mwenye aproni ya bluu.

Aliniona na buibui langu. Akakiona chombo mikononi mwangu. Uso ukamgeuka, akainama mpaka paji la uso likagusa kaunta, akainuka, akainama tena, kisha akakimbilia stoo na kufunga mlango.

Mzee wa Kihindi aliyekuwa kwenye mashine ya fedha akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema kwa Kiswahili, "Mama, wewe iko mtu ya Pwani?"

Aliitwa Bwana Jivan, mzaliwa wa Mwanza. Alisema miaka mingi hajaongea Kiswahili na mtu, mkewe alikuwa hakijui na watoto wanamjibu kwa Kiingereza. Aliniuliza bei ya sato, samaki wa ziwa la kwao, kabla hajaniuliza jina. Nikamwambia, baba, sato ngoja kwanza, kwa nini huyu dada amenikimbia?

Akaenda kuongea naye mlangoni, Kiingereza cha taratibu. Sauti ndogo ikajibu kutoka ndani, muda mrefu, na kilio kikachanganyika humo. Bwana Jivan akarudi akijikuna kichwa.

"Mama, yeye nasema kosa kubwa. Yeye lilisha mtoto yako nguruwe. Mwaka mzima. Yeye hapana jua nyinyi hapana kula. Siku moja bwana yake kamweleza, basi yeye ona aibu, hama, hapana aga. Sasa nafikiri wewe kuja kurudisha chombo na kumlaani."

Salma! Nguruwe! Nikajishika kwenye rafu ya mafuta ya injini.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Mama," akasema Papa Ilunga, "ile ya nyama nilikula mie."

"Yote?"

"Yote, mama. Salma, nyama ambayo hajui nani alichinja, hagusi. Alikuwa anakula ya maharage, ya nyama ananishushia mie na sahani. Alisema nisiseme, bibi Keiko asije akahuzunika kama zawadi yake haikulika." Akaweka mkono kifuani. "Hata moja hakuonja. Mie niko témoin, shahidi."

Bwana Jivan akayapeleka maneno yale mlangoni. Mlango ukafunguka kidogo, likatokea jicho moja, likamtazama Papa Ilunga kuanzia tumboni kwenda juu. Kisha tukasikia kicheko. Kilianza kidogo kama kikohozi, kikawa kikubwa mpaka akatoka nje ameshika mbavu, machozi yanatiririka, anamwonyesha Papa Ilunga kwa kidole na kuinama, kuonyesha na kuinama. Mimi nikacheka. Bwana Jivan akacheka. Aliyekuja kulipia petroli akacheka bila kujua sababu.

Papa Ilunga ndiye hakucheka. Alikuwa amechutama mbele ya kabati la kioo. "Ya nyama iko wapi?"

"Nyama hapana," akasema Bwana Jivan kwa ukali kidogo. "Mimi hapana kula nyama, hapana uza nyama. Dukani yangu maharage tu."

Sijawahi kuona mtu mzima ameumia vile. Alikuwa amelizunguka jiji mara mbili kwa ajili ya nyama ile.

Nikamweleza Keiko habari ya Salma, Bwana Jivan akitafsiri. Kwamba hali chakula, maziwa yanakauka, mtoto analia. Kicheko kikamwisha. Hapo hapo akafunga aproni upya, akakanda unga uliokwisha kuumuka, akajaza maharage, akabana juu kwa vidole mkunjo baada ya mkunjo, na kabla sijamzuia akakichukua kile chombo chake cha mianzi, akaipanga manju ndani, akakiweka juu ya sufuria ya maji yanayochemka.

Yesalaam! Nilikuwa nimekisahau kisa cha udi.

Mvuke ukapanda, na harufu nayo. Udi wa Eid, udi wa harusi, duka zima. Watu wakageuka kutoka kwenye rafu. Keiko akasimama na mkono hewani, pua imeinuka. Nikamshika Bwana Jivan, nikakiri kila kitu: nguo za mtoto, chetezo, mashoka, kasuku. "Mwambie anisamehe. Nimemharibia chombo."

Keiko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga macho, akavuta pumzi ndefu, akaongea taratibu.

"Yeye nasema," akatafsiri Bwana Jivan, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imebadilika, "hii harufu ya nyumba ya bibi yake. Asubuhi bibi nachoma kwa ajili ya wazee waliokufa. Yeye miaka mitatu hapana nusa. Nauliza, nyinyi nyumbani mnayo hii?"

"Tunayo," nikasema. Nilikuwa na kipande nimekifunga pindoni mwa kanga, nikakifungua nikampa. Alikipokea kwa mikono miwili. Lile boksi lililoliwa nusu nililitoa wakati huo huo, kwa hila, nikijua hatakuwa na nguvu ya kukasirika. Alitazama ndani, akachukua pakiti ya ngisi, akanirudishia.

Waliokuwa dukani walitaka mikate ile inayonukia. Fundi mmoja wa bomba akanunua sita. Bwana Jivan aliniita pembeni akaniuliza kama naweza kuacha udi wa wiki moja.

Kurudi Alexandria

Keiko alikuja nasi. Alikaa kiti cha nyuma, chombo kimefungwa kwa taulo, na vioo vya teksi vikajaa ukungu mpaka Papa Ilunga akawa anaendesha kichwa kiko dirishani. Alasiri tulikuwa mlangoni; Seif akatufungulia, akaenda zake hotelini.

Salma alipomwona aliuacha ukuta, akaketi. Keiko alivua viatu, akapanda kitandani, akakaa kwa kukunja miguu, akafungua mfuniko katikati yao. Wakala. Wakaongea Kiingereza chao cha maneno ishirini. Mmoja alisema jambo, mwingine akacheka, akamwonyesha mtoto, wakala tena. Nilihesabu kutoka mlangoni: Salma alikula manju nne. Kisha akamweka mtoto kifuani, na mtoto akanyonya, akanyamaza, akanyonya.

Keiko alipokwenda kunawa, nikakaribia. Nilikuwa na furaha, na wivu kidogo ulikuwa bado haujaisha, siwezi kuwadanganya. "Kumbe ni tamu kiasi hicho," nikasema. "Nitajifunza kuipika, nikupikie kila siku."

"Usijisumbue, mama. Mimi hata siipendi sana."

"Huipendi?"

"Inanikaba. Maharage na sukari tangu lini?" Akampangusa mtoto mdomo. "Lakini mama, kule nyumbani mimi sikuwahi kula peke yangu hata siku moja. Sinia moja, mikono sita. Hapa Seif anatoka, nabaki na sahani yangu na ukuta. Keiko akija tunakula wawili."

"Na mimi je? Wiki mbili nimo humu."

Hakunitazama. "Wewe unanilisha, mama. Umesimama."

Nilirudi jikoni. Keiko alikuwa anajipangusa mikono, na Papa Ilunga alikuwa mezani na huzuni yake, anakula wali wangu wa jana. Niliutoa uliobaki kwenye sufuria, nikaumimina wote kwenye sinia moja na mchuzi juu yake, nikanawa. Nikaenda chumbani, nikavua makubadhi, nikapanda kitandani upande wa pili wa mwanangu, nikamwita Keiko, tukala.